Homa imeshuka. Je, ugonjwa umeisha?

Usiku mtoto alikuwa anachemka. Ukampa parasetamoli iliyokuwepo nyumbani, akatoka jasho, akapoa, akaomba uji. Asubuhi unajiuliza kama kuna haja ya kupanga foleni kituo cha afya. Ndiyo, ipo.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayopanga joto la mwili, kwa kawaida karibu nyuzi 37. Vijidudu vikiingia, mwili hutengeneza kemikali iitwayo prostaglandini, nayo huiamuru sehemu hiyo ipandishe kiwango, pengine hadi 39 au 40. Ndiyo maana mgonjwa hutetemeka kwa baridi ilhali ukimgusa ni moto: kwa ubongo wake, joto bado halijatosha.

Parasetamoli hupunguza utengenezaji wa prostaglandini. Kiwango kinarudi chini, jasho linatoka, mwili unapoa. Huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hivi, na baada ya saa nne hadi sita nguvu yake huisha.

Kidudu cha malaria hakijaguswa. Kinaendelea kuzaliana ndani ya damu wakati mtoto anacheza, na kwa mtoto wa chini ya miaka mitano malaria inaweza kuwa kali ndani ya siku moja au mbili.

Kumpa dawa ya homa si kosa. Ila siku hiyohiyo mpeleke kwa VHT wa kijiji chako au kituo cha afya apimwe. Ni tone moja la damu ya kidole, na parasetamoli haibadilishi majibu. Mweleze muuguzi ulimpa dawa gani, na saa ngapi, kwa sababu akimgusa atamkuta amepoa.

Kipimo cha dawa hufuata uzito wa mtoto, kwa hiyo usikate vidonge vya watu wazima kwa kukisia. Usizidishe mara nne kwa saa 24. Soma pia chupa ya dawa ya mafua: nyingi zina parasetamoli ndani, na ikizidi huharibu ini. Aspirini usimpe mtoto kabisa.

Akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, au akilegea asiamke, usingoje homa ishuke. Mpeleke kituo cha afya usiku huohuo.