Kolwezi: Kabla ya kuamini mashine, ijaribu kwa jibu unalolijua

Huko Musompo, soko la madini nje kidogo ya mji wa Kolwezi, mchimbaji anashusha mfuko wake mbele ya depo. Mnunuzi anachota jiwe lililosagwa na kulielekezea kifaa kinachofanana na bastola. Kifaa hicho, ambacho watu hukiita Metorex, hupiga mionzi, na muda si muda namba inatokea: asilimia ya kobalti au ya shaba. Mnunuzi anatazama ubao wa bei, anapiga hesabu, basi. Kazi ya siku nyingi shimoni imegeuka kuwa namba moja.

Kwa miaka mingi wachimbaji wa mikono wamelalamika kwamba hawana njia ya kuihakikisha namba hiyo. Hawawezi kukifungua kifaa, na hata wakikifungua hawataelewa kilichomo. Lakini mwenye sampuli ambayo maabara imekwisha kuipima hana haja ya kukifungua. Anakipa kifaa kitu ambacho jibu lake analijua tayari, halafu anatazama kitakachosema.

Watengenezaji wa programu za kompyuta hufanya jambo hilohilo kila siku. Wanaliita jaribio la utendaji. Anayejaribu hajali programu imeandikwaje ndani. Anachukua maandishi yanayoeleza programu inatakiwa kufanya nini, na kwa kila sharti anaandika mambo mawili kabla ya kugusa kitufe: nitaingiza nini, na ninatarajia kuona nini. Kisha anaingiza, analinganisha, na tofauti yoyote inaandikwa. Kosa likirekebishwa, majaribio yanarudiwa, hata yale yaliyopita vizuri jana, kwa sababu kurekebisha hapa kunaweza kuharibu pale.

Ujuzi uko katika kuchagua cha kuingiza. Tuseme bei kwenye ubao inapanda kobalti ikifika asilimia 2. Kujaribu asilimia 5 hakufundishi kitu. Makosa hupenda kujificha mpakani, kwa hiyo mjaribu ataingiza 1,9, kisha 2 kamili, kisha 2,1. Baada ya hapo ataingiza sifuri, atapachika herufi mahali pa namba, ataacha nafasi wazi. Anafanya makusudi upumbavu wote ambao watu watafanya kwa bahati mbaya.

Kinachotokea kosa likipita bila kuonekana, Wakenya wanakijua. Katika uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, matokeo ya muda yaliyoonyeshwa kwenye skrini za Bomas jijini Nairobi yalikuwa na kura zilizokataliwa zaidi ya 300.000. Nchi ilishtuka. Baadaye tume ya uchaguzi, IEBC, ilieleza kwamba programu ilikuwa na kosa lililozidisha kura hizo mara nane. Mfumo wa kutuma matokeo nao ulikwama, na maofisa wakalazimika kupeleka fomu za karatasi Nairobi wenyewe. Hesabu ya mwisho ya kura zilizokataliwa ilikuwa 108.975.

Halikuwa jambo dogo. Katiba ya Kenya inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura, na Uhuru Kenyatta alitangazwa kuwa na asilimia 50,07. Alivuka mstari kwa kura zipatazo 8.400 tu. Kwa hiyo swali la kura zilizokataliwa, ni ngapi na kama zihesabiwe katika jumla, lilifika hadi Mahakama ya Juu. Kituo cha majaribio ambacho mtu ameingiza kura moja iliyokataliwa, akatarajia kuona 1, kisha akaona 8, kisingehitaji jaji wala wakili.

Wakongomani nao wana mashine yao. Tarehe 30 Desemba 2018, CENI ilitumia kwa mara ya kwanza mashine ya kupigia kura ya kampuni ya Miru Systems ya Korea Kusini: mpiga kura anaingiza karatasi, anagusa picha ya mgombea kwenye kioo, karatasi inatoka imechapishwa, naye anaitia sandukuni. Miezi kabla ya hapo mashine ilipitishwa katika miji ili watu waione. Ilikuwa kazi nzuri, lakini maonyesho si majaribio. Anayeonyesha hufuata njia anayojua itafika. Anayejaribu huingiza karatasi kinyume, hugusa wagombea wawili kwa pamoja, huondoka bila kuchagua, huchomoa umeme katikati ya kura.

Tena kuna swali la muda, ambalo kioo hakionyeshi. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, yaani dakika 660. Kama kila mtu anatumia dakika moja, mashine inahudumia watu 660. Mama mzee ambaye hajawahi kugusa kioo akitumia dakika tatu, na wengine kama yeye, wanabaki 220. Tarehe 20 Desemba 2023 mpiga kura alikuwa na chaguzi nne za kupitia badala ya tatu. Vituo vingi vilichelewa kufunguliwa, mashine nyingine zilikwama au kuishiwa betri, na upigaji kura ukaendelea siku iliyofuata.

Hata hivyo mashine hii inaacha kitu ambacho Metorex haimwachii mchimbaji. Kwa sheria ya Kongo, karatasi zilizo sandukuni huhesabiwa kwa mikono mbele ya mashahidi wa vyama, na matokeo hubandikwa nje ya kituo. Namba ya mashine na namba ya karatasi zinaweza kuwekwa sambamba usiku uleule, na yeyote mwenye kalamu.