Zabibu za Dodoma: Msimu una uzito kuliko mwaka

Mnunuzi wa mvinyo wa Bordeaux, Ufaransa, kwanza husoma mwaka kwenye lebo. Huko mzabibu huzaa mara moja kwa mwaka, na hali ya hewa ikiharibika hakuna mavuno ya pili ya kufidia. Aprili 1991 baridi kali ya usiku iliunguza machipukizi na sehemu kubwa ya mavuno ikapotea. Chupa za 1982, mwaka uliopata jua la kutosha, bado zinauzwa kwa bei ya juu.

Dodoma mambo ni tofauti. Hakuna kipupwe cha kuulaza mzabibu. Mkulima huuamsha kwa kuupogoa, na baada ya miezi minne hadi mitano anavuna. Kwa kawaida huvuna Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Shamba ni lile lile, lakini zabibu zikifika kiwandani hazilingani.

Tofauti inaanzia kwenye sukari, ambayo chachu huigeuza kuwa kileo. Takriban gramu 17 katika lita ya juisi hutoa asilimia moja ya kileo. Juisi yenye gramu 200 hutoa mvinyo wa karibu asilimia 12. Yenye gramu 150 haifiki asilimia tisa.

Mvua za Dodoma hunyesha kati ya Desemba na Aprili, hivyo huzikuta zabibu za mwanzo wa mwaka zikiiva. Punje huvimba kwa maji na sukari huzimuliwa. Unyevu huleta ukungu, na gharama ya dawa hupanda. Hapo wakulima wengine huvuna mapema, zabibu zikiwa bado chachu. Hofu yao inaeleweka, kwani zabibu iliyooza haina mnunuzi.

Kufikia Agosti mvua imekwisha kitambo. Jua la mchana hujenga sukari, na ubaridi wa usiku, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, husaidia kuhifadhi asidi inayoufanya mvinyo usipooze mdomoni. Tatizo ni maji: asiyemwagilia hupata kilo chache, hata kama ni tamu.

Ndiyo maana bei moja ya kilo kwa misimu yote miwili humpunja mkulima wa Agosti na kumtia hasara msindikaji wa Machi. Kipimo cha sukari ni kifaa cha kushika mkononi kinachohitaji matone machache tu ya juisi. Kikitumika shambani, muuzaji na mnunuzi wote wakiona, ubishi mwingi wa bei utaishia hapo hapo, kabla gari halijapakiwa.