Donda Ndugu la Mguuni: Chanzo Chake na Tiba Yake

Kidonda cha kawaida kwa mtu mwenye afya hupona kwa muda wa siku chache au majuma machache. Hata hivyo, wako wazee ambao mkwaruzo mdogo tu wa mwiba, karibu na kifundo cha mguu, hugeuka donda lisilofunga kwa miezi, na pengine kwa miaka. Mgonjwa hupakwa marhamu za kila aina, hunyunyiziwa unga wa vidonge, naye hupona kidogo kisha donda huchimbika upya. Jamaa huanza kunong'ona habari za kurogwa. Mzee mwenyewe, kwa kuona haya ya harufu, huacha kuketi barazani na wenzake.

Kosa kubwa katika uuguzi wa namna hii ni kulitazama donda peke yake. Katika madonda mengi sugu ya mguuni kasoro haimo ndani ya donda, bali katika vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni.

Damu Ipandapo

Mtu anaposimama wima bila kusogea, damu iliyomo katika vena, kutoka moyoni hadi kifundoni, ni kama safu ya maji ndani ya bomba lenye kimo cha meta 1.2 hivi. Mwanafunzi wa fizikia aweza kukokotoa shinikizo la safu hiyo: azidishe kimo hicho kwa densiti ya damu (kilo 1,060 kwa meta ya ujazo) na kwa mchapuko wa mvutano wa dunia (9.8). Atapata paskali 12,500 hivi, ambazo ni sawa na milimita 93 za zebaki.

Mzigo huo hupunguzwa na misuli ya kigimbi. Kila hatua mtu anayopiga, misuli hiyo huminya vena za ndani na kuisukuma damu juu. Ndiyo maana wataalamu hukiita kigimbi moyo wa pili. Damu haishuki tena kwa sababu ndani ya vena mna vali, ambazo ni kama milango ifungukayo upande mmoja tu. Mwaka 1603 Hieronymus Fabricius, mwalimu wa anatomia huko Padua, Italia, alichapisha maelezo ya vali hizo, lakini alidhani kazi yake ni kupunguza tu kasi ya damu iendayo miguuni. William Harvey, aliyesoma Padua, ndiye aliyeonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1628 kwamba vali huiruhusu damu kuelekea moyoni tu.

Kwa mtu mwenye vali nzima, shinikizo la vena kifundoni hushuka hadi milimita 30 hivi anapotembea. Vali zikiharibika, kwa mfano baada ya damu kuganda ndani ya vena, shinikizo hubaki juu mchana kutwa. Maji na chembe nyekundu za damu huvuja kutoka kapilari. Mguu huvimba, na ngozi huwa nyeusi kwa chuma kitokacho katika chembe hizo, kisha hukakamaa na kuwasha. Ngozi kama hiyo haina nguvu ya kujitengeneza, na mkwaruzo mmoja watosha kuanzisha donda.

Mbano Uponyao

Kwa kuwa chanzo ni shinikizo, tiba ya kwanza ni mbano kutoka nje. Bendeji maalumu hufungwa kuanzia vidoleni hadi chini ya goti ili itoe mbano wa milimita 40 hivi za zebaki kifundoni, ukipungua kuelekea juu. Upungufu huo hutokana na kanuni inayohusishwa na mwanahisabati Mfaransa Laplace: bendeji ikivutwa kwa nguvu ileile, mbano huwa mkubwa penye nusukipenyo kidogo. Kifundo ni chembamba kuliko kigimbi, hivyo hubanwa zaidi. Mgonjwa hahimizwi kulala kitandani. Hutakiwa atembee, ili kigimbi kifanye kazi dhidi ya bendeji, na anapopumzika ainue miguu.

Donda lenyewe husafishwa kwa maji safi na kufunikwa. Wengi huamini kwamba kidonda sharti kianikwe kikauke, lakini mwaka 1962 George Winter alionyesha, kwa majaribio juu ya nguruwe, kwamba majeraha yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yaliota ngozi kwa kasi ya takriban mara mbili ya yale yaliyoachwa wazi. Viuavijasumu hutumika pale tu penye dalili za uambukizo, kama vile homa, au wekundu na maumivu yanayoenea. Unga wa vidonge haufai kabisa.

Mahali palipo na wapasuaji, vena mbovu nazo hushughulikiwa. Uchunguzi wa Uingereza juu ya wagonjwa 450, uliochapishwa mwaka 2018, ulilinganisha makundi mawili yaliyofungwa bendeji. Kwa waliozibwa vena mapema, nusu walikuwa wamepona kwa siku 56. Kwa waliocheleweshewa tiba hiyo, kwa siku 82.

Pima Kabla ya Kufunga

Hata hivyo, bendeji hiyohiyo yaweza kumkosesha mtu mguu. Yako madonda yatokanayo na ateri zilizoziba, ambako damu haifiki mguuni ipasavyo. Kuubana mguu wa aina hiyo ni kuukata chakula na oksijeni kidogo iliyobaki. Kwa hiyo mganga hupima shinikizo la damu kifundoni na kuligawanya kwa lile la mkononi. Mgonjwa mwenye milimita 140 mkononi na 133 kifundoni ana uwiano wa 0.95, na aweza kufungwa. Mwenye 140 na 63 ana 0.45: huyo habanwi, bali hupelekwa haraka kwa mpasuaji wa mishipa. Kwa mwenye kisukari uwiano huo waweza kudanganya, kwa kuwa ateri zilizokakamaa hutoa kipimo kikubwa kuliko ukweli.

Tena, si kila donda la mguuni ni la vena au ateri. Kisukari na ukoma huua hisia za unyayo. Selimundu huleta madonda hata kwa vijana. Na donda la miaka mingi ambalo kingo zake zinavimba laweza kuwa limegeuka saratani, na hapo hukatwa kipande kidogo kichunguzwe.

Baada ya kupona, vali mbovu hubaki mbovu. Mgonjwa asiyevaa soksi za kubana huwa katika hatari ya donda kurudi palepale. Mwanafunzi mwenye babu au bibi ambaye donda lake limepita majuma mawili bila dalili ya kufunga ampeleke hospitali, na aulize swali moja kabla bendeji haijafungwa: je, damu ya ateri imepimwa?