Ahadi ya Malaika na Mbao za Merikebu

Ukizisikiliza shuhuda zinazotolewa makanisani Jumapili, utaona zimefuata njia moja. Mtu aliugua, akalazwa, madaktari wakakata tamaa, watu wakaingia kwenye maombi, Mungu akatenda. Vigelegele, makofi, haleluya. Katika simulizi hilo daktari huonekana mara moja tu, nayo ni pale anaposhindwa. Muuguzi aliyekesha akiangalia dripu hatajwi, aliyetoa damu hatajwi, na kijana wa bodaboda aliyemkimbiza mgonjwa zahanati usiku wa manane ndiye hatajwi kabisa! Kumshukuru Mungu hakuna ubaya; ndio wajibu wa anayemwamini. Ubaya uko katika fundisho linalojengeka polepole masikioni mwa wasikilizaji, kwamba Mungu huanza kuokoa pale mikono ya watu inapokoma, na kwamba anayetafuta msaada wa binadamu bado imani yake ni changa. Fundisho hilo halitoki katika Biblia, na hapa kwetu limeshagharimu maisha ya watu.

Tazama habari ya uokozi ambayo wahubiri huipenda lakini wengi huihubiri nusu. Katika sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, Paulo ni mfungwa anayepelekwa Rumi chini ya ulinzi wa akida Yulio. Majira ya kusafiri yameshapita, naye anashauri merikebu ibaki Bandari Nzuri, kisiwani Krete. Akida anamsikiliza zaidi nahodha na mwenye chombo. Upepo mwanana wa kusi unawahadaa, wanang'oa nanga, na mara tufani ya Eurakilo inawashukia. Wanapitisha kamba chini ya merikebu kuikaza isipasuke. Wanatupa shehena baharini, kisha na vifaa vya chombo. Siku nyingi zinapita bila kuona jua wala nyota, na matumaini yote yanakwisha. Hapo ndipo malaika anapomtokea Paulo usiku na kumhakikishia kwamba hakuna mtu atakayepotea, ila chombo tu. Mahubiri mengi huishia hapo, watu wakasimama na kuimba.

Luka, mwandishi wa Matendo, haishii hapo. Usiku wa 14 mabaharia wanahisi wamekaribia nchi kavu. Wanapima kina na kupata pima 20, wanasogea kidogo na kupata 15. Kwa kuogopa miamba wanatia nanga nne za tezi na kuomba kupambazuke. Kisha wanateremsha mashua wakijifanya wanakwenda kutia nanga za omo, kumbe wanataka kutoroka. Paulo, yuleyule mwenye ahadi ya malaika, anawatahadharisha akida na askari wake kwamba mabaharia hao wakiondoka, waliobaki hawatapona. Askari wanakata kamba, mashua inaachwa ianguke. Alfajiri Paulo anawahimiza wote 276 wale chakula, maana watahitaji nguvu. Merikebu inapokwama na tezi kuvunjika, askari wanataka kuwaua wafungwa wasitoroke, na anayewazuia ni akida, mpagani wa jeshi la Rumi. Wanaojua kuogelea wanajitosa kwanza. Wengine wanafuata juu ya mbao na vipande vya chombo, hadi wote wanafika pwani ya Malta.

Ajabu ya habari hii ni kwamba Paulo haoni mgongano wowote. Ahadi aliyopewa haikuwa na sharti, hata hivyo anajua kuwa bila watu wanaoijua kazi ya chombo ahadi hiyo haitatimia kwa namna Mungu anavyoitimiza. Hawaambii askari waache mabaharia waende zao kwa sababu malaika amekwisha kusema. Wala si hapo tu. Katika Isaya 38 mfalme Hezekia anaahidiwa miaka 15 zaidi ya kuishi, na nabii yuleyule aliyeleta ahadi anaagiza tini zipondwe na kubandikwa juu ya jipu. Ahadi na dawa zimo katika sura moja, na hakuna aliyesema nabii amepungukiwa na imani.

Historia ya pwani yetu inasimulia jambo hilohilo. Misheni ya Rabai, kwenye vilima nyuma ya Mombasa, ilianzishwa na Krapf na Rebmann mwaka 1846. Miaka ya 1880 ilikuwa kimbilio la watoro, watumwa waliowakimbia mabwana zao. Aliyewapokea wengi wao alikuwa William Jones, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, akakombolewa na kusomeshwa Nasik nchini India, kisha akapewa ushemasi mwaka 1885. Kwa desturi na sheria za wakati ule watoro walikuwa mali ya watu, na misheni ilibanwa isiwapokee. Kama wokovu ungekuwa maombi peke yake, Jones angewaombea na kuwarudisha. Badala yake wakapewa mahali pa kujenga na kulima. Mabwana walipotishia vurugu mwaka 1888, suluhisho lilikuwa la kidunia kabisa: George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikijikita pwani alikubali kulipa fidia, na Januari mosi 1889 mamia ya watoro wakapewa hati za uhuru. Kampuni haikufanya hivyo kwa upendo mtupu, ilitaka amani ya biashara. Lakini hata akida Yulio hakuwa mwanafunzi wa Paulo. Na Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru upande wa pili wa Mombasa, palitundikwa kengele ya kuwaonya watu wavamizi wakikaribia. Wakazi hao walisali, na bado waliona haja ya kengele. Mtaa unaitwa Kengeleni hadi leo.

Mtu wa maombi atanijibu kwamba ninampunguzia Mungu uwezo na kuigeuza imani iwe huduma za jamii. Sivyo. Biblia imejaa matendo ambayo hakuna mkono wa mtu uliohusika, na anayeamini Mungu yupo hawezi kumwekea mipaka. Ninachosema ni kwamba hakuna anayesifiwa katika Maandiko kwa kuukataa ubao uliokuwa mbele yake. Yesu mwenyewe, alipoambiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika wangemdaka, alikataa na kuliita jambo hilo kumjaribu Mungu. Aliyetoa ushauri ule, tukumbuke, alikuwa Ibilisi, tena akiwa na Zaburi mdomoni.

Pingamizi zito zaidi ni la waliomwomba Mungu na wakafa. Askofu James Hannington, aliyempa Jones ushemasi, aliuawa Busoga Oktoba 1885, mwaka uleule, na Jones ndiye aliyewaongoza waliosalia wa msafara wake kurudi Rabai. Katika sura ya 12 ya Matendo Yakobo anauawa kwa upanga na Petro anafunguliwa gerezani, na Luka hasemi kwamba imani ya Yakobo ilikuwa ndogo. Kwa nini mmoja na si mwingine? Sidhani kuna mhubiri anayejua, na anayedai anajua hutwika wafiwa hatia juu ya msiba. Hapa ndipo fundisho la kuokoka kwa imani tupu linapokuwa katili: mgonjwa akipona sifa ni za mhubiri, akifa kosa ni la mgonjwa mwenyewe.

Lipo pia pingamizi la maskini, nalo nalichukulia kwa uzito wote. Mwaka 2011 umati mkubwa ulipanga foleni ya magari ya kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500 za Tanzania. Ni rahisi kuwacheka. Lakini shilingi 500 ni bei ambayo karibu kila mtu anaweza kuimudu, na gharama za matibabu ya saratani hazimudiki kwa wengi. Mtu asiye na ubao hushika chochote kinachoelea. Jibu la kanisa kwa hali hiyo lilishatolewa zamani na makanisa yenyewe: KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza, Kikuyu na Tenwek nchini Kenya ni hospitali zilizoanzishwa na makanisa na misheni za Kikristo. Waliozijenga walikuwa watu wa sala, na waliona matofali, dawa na mishahara ya wauguzi kuwa sehemu ya sala hiyo. Kanisa linalokusanya sadaka kila wiki na kununua vipaza sauti vikubwa zaidi, huku zahanati ya kata haina hata gloves, halina haki ya kuwalaumu waumini wanaokimbilia kikombe.

Na tumeona mwisho wa njia ile nyingine, ya kukataa msaada wa binadamu. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi, ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Waendesha mashtaka wanasema watu hao walielekezwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu; mhubiri Paul Mackenzie amekana mashtaka, na hukumu ni ya mahakama. Swali la Wakristo haliisubiri mahakama. Watu hawafiki Shakahola kwa siku moja. Huanza kwa kuambiwa shule ni ya shetani, kisha hospitali, kisha vidonge, na kila hatua hupigiwa makofi na watu wanaodhani wanaitetea imani.

Kwa hiyo ukiambiwa madhabahuni uache dawa za presha, za kisukari au za kufubaza virusi ili kuthibitisha imani yako, usibishane. Inuka utoke, uende kliniki tarehe uliyopangiwa, na ukitaka kuombewa, ombewa ukiwa unameza. Na ukijua mtoto yeyote anayenyimwa chakula au matibabu kwa jina la Mungu, usingoje ibada ijayo ili umuulize mchungaji. Piga simu polisi siku hiyohiyo.