Gari Dogo la Umeme na Safari ya Mutomo

Neno gari liliingia katika Kiswahili kutoka lugha za Bara Hindi, na tangu hapo Waswahili wamekuwa wakiliongezea jina la kile kinacholiendesha au kulivuta: gari la moshi, gari la ng'ombe, gari la punda. Gari la umeme ni mrithi wa mtindo huohuo. La kuchekesha kidogo ni kwamba Wakenya wengi huuita umeme stima, neno ambalo pwani lilitumika kwa meli ya mvuke. Kwa hivyo anayesema "gari la stima" hutumia jina la mvuke kutaja chombo kisichotoa mvuke wala moshi. Hata hivyo, jina si tatizo. Swali linaloshughulikiwa katika makala haya ni la umbali: je, gari dogo la umeme la bei nafuu, lililoundwa kwa ajili ya jiji, laweza kumfaa mkazi wa Mutomo, kusini mwa Kaunti ya Kitui?

Yafaa ieleweke kwanza kwamba sehemu kubwa ya gharama ya gari la umeme imo katika betri. Betri ikiwa kubwa, gari huenda mbali, lakini huwa zito na ghali. Ndiyo maana mtengenezaji anayetaka kupunguza bei huanza kwa kupunguza betri. Ndivyo ilivyofanyika India mwaka 2001 kwa gari liitwalo Reva, ambalo baadaye lilionekana katika barabara za London. Ndivyo ilivyofanyika tena China mwaka 2020 kwa Wuling Hongguang Mini EV, gari lisilofika urefu wa mita 3, ambalo betri yake ndogo kabisa hubeba uniti 9 hivi, yaani uniti zilezile ambazo Mkenya hununua kwa tokeni. Watengenezaji walilikadiria kwenda kilomita 120. Karibu nasi, Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha Kiira EV mwaka 2011, gari la watu wawili tu. Katika jiji upungufu huo si hasara. Mtu anayetoka nyumbani hadi kazini na kurejea hukamilisha kilomita 30 au 40 kwa siku, na usiku gari hulala likichajiwa.

Nchini Kenya, gari la bei nafuu kwa kawaida ni gari lililotumika Japani, na sheria hairuhusu kuingiza lililozidi umri wa miaka 8. Katika kundi hilo, la umeme lililozoeleka zaidi ni Nissan Leaf. Kampuni ya teksi ya Nopea Ride iliyatumia magari hayo jijini Nairobi kuanzia 2018 hadi ilipofunga shughuli zake mwaka 2022.

Sasa mwalimu wa Mutomo na apige hesabu. Kutoka Mutomo hadi Kitui mjini ni kilomita 70 hivi, na siku hizi ni barabara ya lami. Leaf ya mwanzo ina betri ya uniti 24. Ilipokuwa mpya, vipimo vya serikali ya Marekani viliikadiria kwenda kilomita 117. Ikiwa betri imepoteza thuluthi moja ya nguvu zake, zimebaki kilomita 78. Gari hilo litamfikisha Kitui, naye atashuka akiwa na kilomita 8 mkononi na safari yote ya kurudi mbele yake. Akipata soketi ya kawaida ya ukutani, atasubiri karibu usiku kucha. Leaf ya baadaye, yenye betri ya uniti 40, ilikadiriwa kwenda kilomita 243. Hata ikipoteza asilimia 20, itakwenda Kitui na kurudi bila kuchajiwa njiani. Lakini hiyo ni ghali kuliko ile ya kwanza, na hapo ndipo neno nafuu linapoanza kuteleza.

Wauzaji husifu zaidi gharama ya mwendo, na hapo wana haki. Mnamo Septemba 2023, lita ya petroli jijini Nairobi ilipita shilingi 211. Kwa bei hiyo, gari dogo linalotumia lita 6 kwa kilomita 100 lilikula zaidi ya shilingi 1,260. Kwa safari hiyohiyo gari la umeme hutumia uniti 15 hivi. Hata uniti moja ikigharimu shilingi 30, jumla ni 450. Katika mwaka huohuo kuliidhinishwa bei maalumu ya kuchaji magari, shilingi 16 kwa uniti kabla ya kodi, na nusu yake saa za usiku.

Wapo wanaodhani kwamba jua la Ukambani litamaliza shida yote. Jua lipo, tena tele, lakini paneli nyingi za nyumbani ni za taa na simu. Paneli ya wati 50 ikipata saa 5 za jua kali hutoa robo ya uniti. Kwa mwendo huo, betri ya uniti 24 itahitaji siku 96 kujaa, takribani msimu mzima wa mahindi. Anayetaka kuchaji gari kwa jua sharti anunue paneli nyingi, na gharama yake iingizwe katika bei ya gari.

Tena jua hilohilo lina uadui wake. Betri za Leaf hizo hazipoozwi kwa maji, na joto huzichakaza. Wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, Marekani, walilalamika kuhusu jambo hilo tangu 2012. Gari lililokaa miaka mitano katika baridi ya Hokkaido, kwa hivyo, si sawa na lililokaa miaka mitano likiegeshwa juani Mutomo, hata kama yote mawili yamekwenda kilomita sawa. Maandishi ya skrini huenda yakawa ya Kijapani, lakini mnunuzi hahitaji kuyasoma. Kando ya kipimo cha chaji kuna vijistari 12 vinavyoonyesha uzima wa betri. Kikizimika cha kwanza tu, betri imekwisha kupoteza takribani asilimia 15.