Majiko na Majokofu ya Rangi: La Kununua na la Kuacha

Ziko nyumba nchini Marekani ambazo mwenyewe, ijapokuwa ana uwezo wa kununua jiko jipya la chuma kisichoshika kutu, huzunguka katika maduka ya mitumba na minada ya mali za marehemu akitafuta jiko la rangi ya waridi au ya feruzi lililoundwa kabla yeye hajazaliwa. Na akilipata hulitengeneza, hulisugua, na hulisimamisha mahali pa heshima. Swali ambalo fundi huulizwa na watu wa hamu hii ni moja: je, kitu hiki chafaa kwa kazi, au ni pambo tu? Jibu langu ni kwamba hapana hukumu moja kwa vyote, kwa sababu rangi iliyokaa juu ya jiko siyo iliyokaa juu ya jokofu, wala mitambo iliyofichwa nyuma ya rangi hizo haikuzeeka kwa namna moja.

Kabla ya miaka ya 1950 vyombo vikubwa vya jikoni huko aghalabu vilikuwa vyeupe, na weupe ule ulikuwa na hoja yake, kwani katika zama ambazo habari za vijidudu zilikuwa zimewaingia watu vichwani, chombo cheupe kilihesabiwa kuwa ushahidi wa usafi. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, viwanda vikarudia kazi za amani, nyumba mpya zikajengwa kwa maelfu pembezoni mwa miji, na haukupita muda mrefu familia nyingi zikawa tayari zina jokofu. Hapo ndipo wenye viwanda walipokabiliwa na mushkili ambao si wa fundi bali wa mfanyabiashara: utamuuziaje jokofu jipya mtu ambaye la zamani lingali linagandisha barafu? Dawa iliyopatikana ni rangi. Kampuni ya majokofu ya Frigidaire wakati ule ilikuwa mali ya General Motors, ambao kwa upande wa motokaa walikwisha kuwazoesha watu kutamani sura mpya kila mwaka, na desturi hiyo ikaingia jikoni bila ya kubisha hodi. Rangi ya waridi, aliyoipenda mno Mamie Eisenhower, mke wa rais aliyetawala tangu 1953 hata 1961, ikaenea katika vyumba vya kuogea na vya kupikia. General Electric wakaleta manjano, buluu na feruzi. Na mwaka 1955 KitchenAid wakatoa mashine za kukandia unga zenye rangi ya waridi, manjano na kijani. Baadaye ikaja rangi ya shaba, kisha kijani cha parachichi na dhahabu ya mavuno, ambazo zilitamalaki katika miaka ya 1970 mpaka watu wakazichoka. Na kuchokwa huko, tusidanganyane, ndiko kulikokuwa kukingojewa na wauzaji.

Jambo hili lilisemwa waziwazi tarehe 24 Julai 1959 mjini Moscow, katika maonyesho ya Wamarekani, pale Richard Nixon, aliyekuwa makamu wa rais, na Nikita Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, waliposhindana kwa maneno mbele ya jikoni ya General Electric yenye rangi ya manjano ya limau. Khrushchev alishutumu kwamba nyumba za Marekani hujengwa zidumu miaka 20 tu ili wajenzi wapate kuuza nyingine. Nixon akajibu kwamba zinadumu zaidi ya hapo, walakini miaka 20 ikipita Wamarekani wengi hutaka wenyewe nyumba mpya au jikoni mpya. Hapana kati yao aliyeuliza chombo chenyewe kingefanya kazi muda gani kama kingeachwa, na majiko ya zama zile yamekuwa yakilijibu swali hilo tangu siku hiyo.

Juu ya jiko kama hilo hapana rangi ya kupaka. Kilichopo ni enameli, yaani kioo kilichosagwa kikawa unga, kikatandazwa juu ya bamba la chuma, kikatiwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 800 hivi za sentigredi hata kikayeyuka na kushikamana na chuma. Rangi yake hutokana na madini, kobalti ikitoa buluu na kromiamu ikitoa kijani, na maadamu madini hayo yamefungwa ndani ya kioo, jua haliyafifishi wala sabuni haiyaondoi. Ukitaka hakika, tafuta mahali palipobanduka, aghalabu kwenye pembe ya mlango au karibu na mguu. Kwenye enameli utaona mvunjiko wenye ncha kali kama wa kikombe, na chini ya waridi au feruzi utakuta tabaka jeusi au la samawati iliyokoza, ambalo ndilo lililotangulia kuchomwa ili lishike chuma. Penye rangi ya kupaka utaona ngozi inayoinuka kwa ukucha, na kutu imetambaa chini yake. Adui wa enameli ni maji ya limau, siki na mchuzi wa nyanya vikiachwa vilale usiku kucha, na maji baridi yakimwagwa juu yake ingali moto.

Ndani yake, jiko la gesi la wakati ule lina mabomba, vali na vichomeo vya chuma, vitu ambavyo fundi mwenye spana na subira huvifungua, huvisafisha na huvirudisha. Hata hivyo mengi ya majiko hayo yana kijimoto cha kudumu ambacho hula gesi mchana na usiku, na baadhi ya tanuri zake hazina kifaa cha kuifunga gesi kijimoto kikizimika. Hilo halina budi kukaguliwa kabla ya jambo lolote. Na ambaye angependa kulileta Mombasa au Dar es Salaam ajue kwamba jiko lililoundwa kwa gesi ya mabombani halifungwi vivi hivi kwenye mtungi, sharti tundu zake zibadilishwe.

Mashine ya kukandia unga ya KitchenAid ndiyo nisiyosita kuisifu. Umbo lililochorwa na mbunifu Egmont Arens mwaka 1937 halijabadilika sana hata leo, gia zake ni za chuma, na kaboni za mota zikiisha hubadilishwa kwa dakika chache. Ya Marekani hutaka volti 120, basi kwetu itahitaji transfoma.

Jokofu ni habari nyingine. Nje yake kwa kawaida ni rangi ya kupaka iliyochomwa, nayo hupauka na kubanduka. Mpira wa mlango hukakamaa. Na gesi iliyomo katika mengi ya majokofu hayo ni ile freoni iliyobainika kuharibu tabaka la ozoni, ambayo utengenezaji wake Marekani ulikoma mwishoni mwa 1995. Hapa pana ajabu moja: jokofu dogo la miaka ya 1950, ambalo barafu yake huyeyushwa kwa mkono, si mlafi wa umeme kama linavyodhaniwa; walafi hasa ni majokofu makubwa ya katikati ya miaka ya 1970, yanayojiyeyushia barafu yenyewe, ambayo kwa wastani yalikula karibu uniti 1,800 kwa mwaka, ilhali ya leo mengi hayafiki 600. Kwa hiyo la kijani cha parachichi, hata ukipewa bure, bei yake utailipa kwa umeme.

Kama moyo wako haukubali kuliacha jokofu la zamani, liweke liwe kabati, lakini kwanza litazame kitasa. Majokofu ya Marekani yaliyoundwa kabla ya Oktoba 1958, sheria ya kuwalinda watoto ilipoanza kutumika, mengi yana komeo lisilofunguka kwa ndani, na watoto waliojificha humo wakicheza walikufa kwa kukosa hewa. Ling'oe komeo hilo siku ile ile jokofu liingiapo nyumbani mwako, kabla hujaanza kusugua rangi.