Msimu wa Hopsi Katika Mji wa Paddock Wood

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona ukurasa huu ukizungumzia mmea ambao kazi yake kubwa ni kutia uchungu na harufu katika bia. Pombe kwetu ni haramu, na hilo halina mjadala. Lakini nitakayoyasimulia hapa si habari za kilabuni. Ni habari za akina mama, watoto na vibarua waliolichuma jani hilo kwa vidole vyao, na mji mdogo wa shamba ulioishi kwa jasho lao.

Mji wenyewe ni Paddock Wood, katika jimbo la Kent, kusini-mashariki ya Uingereza. Kabla ya reli pale palikuwa na mashamba na miti tu. Kituo cha garimoshi kilipofunguliwa mwaka 1842, maduka yakaanza kuota, na tangu hapo mji ukawa mlango wa kuingilia mashamba ya hopsi.

Hopsi ni mmea utambaao, binamu wa bangi katika ukoo wa mimea. Mizizi yake hukaa ardhini miaka mingi, na kila masika hutoa machipukizi yanayopanda kamba kwa kujizungusha kulifuata jua, mpaka yakafika urefu wa mita 5 au 6. Kamba hizo zilifungwa juu kwenye nyaya na wanaume waliotembea kwa mironjo mirefu, ungedhani wamo ngomani. Kinachotakiwa ni kile kikonyo cha mmea jike, laini na chenye magamba kama karatasi, ambacho ndani yake mna unga wa manjano unaonata. Hopsi iliingia Kent kutoka nchi ya Flanders katika karne ya 16, na kufikia mwaka 1878 Uingereza ilikuwa na zaidi ya ekari 70,000 za zao hilo.

Sasa, ekari zote hizo zilikomaa kwa pamoja, mwezi wa Septemba, na wenyeji hawakutosha kuzichuma. Ndipo walipoitwa maskini wa London. Familia za mitaa ya mashariki ya jiji hilo zilingojea barua ya mwenye shamba kama sisi tungojeavyo mwezi kuandama. Ikifika, mama alifunga sufuria, mablanketi na watoto wake juu ya kigari, akaenda kituo cha London Bridge usiku wa manane kupanda garimoshi maalumu la wachumaji. Nauli ilikuwa ya chini, na hata hivyo wengine waliwaficha watoto chini ya gauni karani alipopita. Baba alibaki kazini mjini, akaja siku za mwisho wa juma.

Marehemu bibi yangu alipata kuchuma karafuu Pemba, na kila nisomapo habari za Kent humkumbuka yeye. Kambi ni ile ile: kibanda kimoja cha matofali au bati, kitanda cha majani makavu, moto wa kuni nje na chai nyeusi ya alfajiri. Mama wa London, Mwairishi na Mjipsi walipika jirani kwa jirani. Wengine walileta hata karatasi za kupamba ukuta na pazia, ili kibanda kifanane na nyumba.

Na ugomvi wa kipimo ni ule ule pia. Wachumaji walijaza pipa la gunia lililoning'inizwa kwenye miti, kisha mpimaji akaja na kikapu chake cha busheli, karibu lita 36, na karani akaandika daftarini. Hopsi ni laini kama pamba. Mpimaji akichota kwa upole, busheli hujaa upesi. Akishindilia kwa mkono, kazi ya saa nzima huyeyuka mbele ya macho yako. Yeyote aliyewahi kupimiwa karafuu kwa pishi iliyotiwa kilemba anaujua uchungu huo. George Orwell, mwandishi mashuhuri, alichuma hopsi huko Kent mwaka 1931, na katika makala yake alieleza jinsi ujira ulivyokuwa duni na jinsi aliyeondoka kabla ya msimu kwisha alivyopunjwa kwa kila busheli.

Wenye maduka wa mjini nao walikuwa na sura mbili. Fedha za wachumaji walizitaka, lakini walitandaza waya mbele ya bidhaa zao wasiibiwe, na baadhi ya milango ilibandikwa tangazo la kuwakataza wachumaji wasiingie. Mimi naona fedheha hiyo ilikuwa nzito kuliko kazi yenyewe. Fedha zilizosalia zilinunua viatu vya watoto vya majira ya baridi.

Mauti pia yaliwafuata. Septemba 1849 kipindupindu kiliingia katika shamba moja la East Farleigh, na wachumaji 43 wakazikwa huko; kumbukumbu yao iliwataja kama wageni tu, bila majina. Tarehe 20 Oktoba 1853, gari la farasi lililowarudisha wachumaji kambini lilivunja ubavu wa daraja la mbao la Hartlake, mto Medway ukiwa umefurika. Watu 30 walizama, Wajipsi na Waairishi. Uchunguzi ukatamka kuwa ni ajali.

Zao lilikaushwa katika minara ya matofali yenye kofia nyeupe ya mbao iliyogeuka na upepo. Chini moto, juu sakafu yenye matundu, na mkaushaji alilala hapo hapo akiamka kugeuza mzigo. Kisha hopsi ilishindiliwa ndani ya magunia marefu kuliko mtu.

Mwaka 1940 wachumaji walikimbilia mahandaki huku ndege za Waingereza na Wajerumani zikipigana juu ya vichwa vyao, kisha wakarudi kuchuma. Kilichowaondoa hasa ni mashine, zilizoenea miaka ya 1950 na 1960. Reli ya kutoka Paddock Wood hadi Hawkhurst, iliyojulikana kwa kuwabeba, ilifungwa mwaka 1961. Leo hopsi ya Uingereza nzima haifikii hekta 1,000. Ile minara imegeuzwa nyumba za watu wenye uwezo, nao husumbuka kutafuta kabati la kuegemea ukuta wa duara.